Msituletee waliofeli tu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haipoi. Wazazi wa huku Tandika wananitafuta: "Fundi, kijana wangu kapata ziro, mchukue basi umfundishe umeme." Mwenye A ya Fizikia sijawahi kuletewa. Huyo anatafutiwa kidato cha tano, halafu chuo kikuu, na wengine nawaona mtaani na shahada zao wakisubiri ajira ya serikali mwaka wa tatu huu.

Siwadharau wa ziro. Nimefanya nao kazi, na wapo wenye mkono mwepesi kunishinda. Ninachokataa ni ile kauli ya nyumbani, "usiposoma utaishia VETA", kama vile ufundi ni adhabu.

Juzi niliitwa Mbagala. Nyumba mpya, rangi bado inanukia, soketi ya jikoni imeyeyuka. Nilipofungua nikakuta waya wa 1.5, ule wa taa, umebebeshwa jiko la wati 3,000 na birika la wati 2,000. Jumla wati 5,000. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 22. Waya ule hauwezi mzigo huo. Breka je? Aliyefunga aliweka ya ampea 32, eti ya chini yake "inasumbua kukata". Kukata ndiyo kazi yake! Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuilaumu TANESCO. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu, lakini asiyeijua anaweza kuchoma nyumba na watu wakiwa wamelala ndani.

Ndiyo maana nautaka mkondo wa amali, yaani sekondari yenye mafunzo ya ufundi, uliomo kwenye Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ila kwa hofu. Wakuu wa shule wakianza kuwasukumia huko watoto wa mkiani na kuwabakiza wa mbele mkondo wa jumla, tutakuwa tumebadilisha jina tu.

Wazazi wengi hawajui pia kwamba ufundi una ngazi. VETA kuna daraja la kwanza hadi la tatu, na mwenye la tatu anaweza kuendelea na vyuo vya ufundi mpaka stashahada. Sisi wa umeme tuna leseni za EWURA, nazo zina madaraja yake. Bila fundi mwenye leseni kusaini fomu ya wiring, nyumba haiungiwi umeme. Saini hiyo inalipiwa, na kwangu imesomesha watoto.

Kwa anayechagua chuo sasa hivi: acha kutazama geti na sare. Uliza kama kimesajiliwa NACTVET, kisha omba kuingia karakana siku ya kazi, wanafunzi wakiwemo. Hesabu ni wangapi wanazunguka mashine moja. Mwombe mwanafunzi wa mwaka wa pili akuonyeshe kitu alichokifunga mwenyewe. Na uliza wakati wa kwenda field nani anawatafutia nafasi, maana vipo vyuo vinavyompa kijana barua tu, ahangaike nayo mwenyewe kutoka kiwanda hadi kiwanda.