Kiziwi Naye ni Mtu wa Kumi

Kwa Wayuda sala ya wote inaomba watu wazima 10. Mukiwa 9, munangojea. Zamani hata kiziwi asiyesema akiingia, bado munangojea tu! Sheria ya walimu wao wa kale ilimuweka pamoja na mtoto mudogo na mwenye wazimu, kama mtu asiyeweza kufundishwa. Lakini nani alimujaribu? Kosa lilikuwa hapo. Shule za viziwi zilipofunguliwa, akili yao ikaonekana: kumbe kusema kwa mikono nayo ni lugha. Mwaka 2011, walimu wa sheria wa tawi la Conservative, kule Marekani, wakakata shauri: kiziwi anahesabiwa. Akiitwa mbele ya Torah, anatoa baraka kwa mikono, baraka ile ile ya wenye kusema.