Masomo ya Bure Mtandaoni Yataka Jamvi na Msimamizi

Imekuwa ada siku hizi kumwambia kijana aliyekwama baada ya kidato cha nne: "Kila kitu kimo ndani ya simu, jisomee." Maneno hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowaangusha vijana wetu.

Kwamba elimu hiyo ipo, hapana shaka. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni ili yeyote ayasome bila malipo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikafuata mwaka 2006. Salman Khan alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake hesabu kutoka mbali. Leo Khan Academy hufundisha hesabu na sayansi bila kumtoza mwanafunzi hata senti. Na hapa kwetu Tanzania, Shule Direct imeweka masomo ya sekondari mtandaoni, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandao yenye vitabu vya kiada.

Basi kwa nini kijana yule yule aliyeambiwa ajisomee yungali kibarazani?

Natujifunze kwa yaliyotokea mwaka 2012, MIT ilipofungua somo la saketi za umeme kwa ulimwengu mzima. Walijiandikisha watu 154,763. Waliofaulu walikuwa 7,157, yaani hawakufika watano katika kila mia. Ni kweli kwamba wengi walichungulia tu wakaenda zao. Hata hivyo wamo waliotaka kwa dhati wakashindwa, na si kwa upungufu wa akili.

Miongoni mwa wachache waliopata alama zote alikuwamo mvulana wa miaka 15 wa Mongolia, Battushig Myanganbayar. Magazeti yalimsifu kuwa ni hodari aliyejifundisha kwa intaneti. Lakini tazameni kilichokuwa nyuma yake. Mkuu wa shule yake alikuwa amesoma MIT, naye ndiye aliyewakusanya wanafunzi wapatao ishirini wasome somo lile pamoja. Akamwalika mtaalamu kijana kutoka Marekani, aliyekuja na vifaa ili wayafanye kwa mikono yale waliyoyaona kwenye kioo. Kwa hiyo mvulana yule hakuwa peke yake. Alikuwa na mwalimu, wenzake na saa maalumu ya kusoma.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Nani kati yetu alijifunza kusoma kwa kupewa juzuu na kuachwa nayo nyumbani? Tulikaa jamvini, tukasoma mbele ya mwalimu, tukarudishwa tulipokosea, na kesho yake tukaulizwa ya jana. Asiyekuja aliulizwa na wenzake yuko wapi. Hilo la mwisho simu haliwezi: ukiacha somo la mtandaoni siku ya tatu, hakuna atakayekuja kubisha hodi.

Ama kuhusu watu wazima, haja yao ni kubwa zaidi. Mama aliyeishia darasa la saba na kutaka cheti cha kidato cha nne hana budi kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa, kisha ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo mengi ya bure yamo kwa Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne nao kwa sehemu kubwa ni wa Kiingereza. Yeye hahitaji kuonyeshwa tovuti tu. Ahitaji mtu wa kusimamisha picha, kumfasiria sentensi moja kwa Kiswahili, na kuiendesha tena. Kijana wa kidato cha tano aweza kazi hiyo, naye atafaidika kwa kufundisha.

Nitaje pia jambo moja linalowakera wengi: somo laweza kuwa bure na cheti chake kikauzwa. Aulize mapema. Na asidhani kuwa kila cheti cha mtandaoni kitapokelewa na mwajiri au chuo. Mwenye kutafuta cheti cha taifa ayatumie masomo haya kujiandaa kwa mtihani wa taifa.

Najua kamati zetu zitasema: bando ni ghali. Jibu lipo tangu mwaka 2012, ilipotokea KA Lite, programu ya kuhifadhi mafunzo ya Khan Academy katika kompyuta moja ili wengine wayasome bila intaneti. Kolibri, iliyofuata baadaye, yafanya hivyo hivyo kwa masomo mengi zaidi. Mafunzo hupakuliwa mara moja, kisha simu za wanafunzi huunganishwa na kompyuta ile kwa wayalesi. Katika msikiti mmoja niujuao zimo kompyuta tano za msaada, zimefunikwa kitambaa kizuri na chumba kimefungwa kwa kufuli. Funguo anazo katibu, naye husafiri sana.

Kwa hiyo naziomba kamati zisianze na harambee ya kununua kitu chochote. Zianze kwa kutafuta nani atakaa na wanafunzi hao baina ya Alasiri na Magharibi, siku mbili kwa wiki, wanawake kwa zamu yao. Katika msikiti huo huo wenye kompyuta zilizofunikwa, mzee mmoja aliyestaafu ualimu wa hesabu husali safu ya kwanza kila siku. Nilimuuliza kama aliwahi kuombwa na kamati. Akasema bado.