Dawa ya presha ya macho ikiunguza, usiiache

Katika nyumba nyingi huanza hivi. Bibi anawekewa dawa ya matone ya presha ya macho, anakunja uso. “Inaniunguza, mwanangu. Leo niache nipumzike.” Binti yake anamhurumia, chupa inarudi kabatini. Siku inakuwa wiki, wiki inakuwa mwezi.

Hatari iko hapo. Presha ya macho, yaani glakoma, huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mara nyingi haiumi, na uoni huanza kupungua pembeni, hivyo mgonjwa hudhani yuko salama. Uoni uliopotea haurudi.

Lakini bibi hadeki. Wagonjwa wengi wa glakoma wana pia tatizo la macho makavu. Tena matone mengi yana kihifadhi kiitwacho benzalkoni kloridi, kinachozuia vijidudu kuota ndani ya chupa. Kikiingia jichoni kila siku kwa miaka, huvuruga machozi yanayolinda jicho. Ndipo huja kuwasha, wekundu na hali ya kuhisi mchanga.

Suluhisho ni kurudi kliniki na kumweleza daktari ukweli, hata kama dozi zimerukwa. Anaweza kuandika matone yasiyo na kihifadhi, chupa moja yenye dawa mbili, au kuongeza machozi ya bandia.

Leza nayo ipo. Utafiti uliofanyika KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha leza na matone ya timololi. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Si kila mgonjwa inamfaa, ila inafaa kuulizia.

Nyumbani, tone moja linatosha. Bibi afumbe jicho, kisha abonyeze taratibu kona iliyo karibu na pua kwa dakika mbili. Dawa ya pili isubiri dakika tano. Msimnunulie matone ya macho mekundu bila ushauri. Yenye steroidi yanaweza kupandisha presha ya jicho.

Na kwa kuwa glakoma hutembea kwenye ukoo, siku ya kumpeleka bibi kliniki, binti naye akae kwenye kiti apimwe.