Acheni kutupa karata kila mnapoongezewa dau

Jamani, leo nitawaudhi wenzangu wa meza ya poka. Kuna ushauri unaorudiwa kama sala: ukiongeza dau, mtu akaongeza juu yako kabla karata za mezani hazijafunguliwa, tupa, isipokuwa una Q mbili, K mbili, A mbili au AK. Mimi nasema huko ni kuibiwa mchana kweupe.

Tuhesabu, ndiyo kazi yetu sisi watu wa tarakilishi. Karata mbili za kwanza zaweza kuja kwa namna 1,326. Kila jozi ina namna 6, AK ina 16. Orodha yenu nzima ni 34 tu. Tuseme wewe huongeza dau kwa asilimia 20 ya karata zako, yaani namna 265 hivi. Ukiongezewa unabaki na 34. Unatupa asilimia 87!

Dau za lazima ni 50 na 100. Umeweka 300, nami naweka 900, wengine wameondoka. Nahatarisha 900 nipate 450. Ukitupa mara 2 kati ya 3 sina hasara. Wewe unatupa 87 kati ya 100, kwa hiyo hata nikisalimu amri kila ukinijibu, napata wastani wa 277 hivi kila mara. Sina haja hata ya kutazama karata zangu.

Dawa? Jibu zaidi. Kulipa 600 zaidi kunahitaji ushinde asilimia 31 hivi, ila taka zaidi ya hapo kwa sababu mimi nacheza baada yako. Mara nyingine nawe ongeza tena, kwa mfano ukiwa na A na 5 za kopa. Ukishika A moja, A mbili zangu zinashuka kutoka namna 6 hadi 3, na AK kutoka 16 hadi 12.

Programu ya Libratus iliwashinda mabingwa wanne huko Pittsburgh mwaka 2017, katika michezo 120,000. Ilichanganya majibu yake wasiweze kuisoma.

Najua mtasema kuna yule mzee asiyeongeza juu ila ana A mbili. Sawa, kwake tupa hata Q mbili. Lakini huko ni kumsoma mtu. Kanuni moja kwa watu wote ni uvivu, na uvivu huo unalipiwa kwa pesa zako.

Anayepinga na alete hesabu, si methali.