Pakingi ya tao ipande, lakini tuonyeshwe pesa

Najua wengi mtanitusi, lakini wacha niseme tu: pakingi ya tao ni bei rahisi sana. Ndio, nimesema. Msee anaingia na gari saa moja asubuhi, analipa mara moja kwa simu, anaiacha hapo mpaka jioni. Analipa sawasawa na mama aliyekuja dakika kumi kuchukua dawa. Halafu huyo mama anazunguka tao yote akitafuta nafasi, na sisi wa matatu tumekwama nyuma yake tukinusa moshi. Lipisheni kwa saa. Hata choo cha tao unalipa kila ukiingia, hakuna tiketi ya siku.

Lakini kaunti, msifurahi bado. Hiyo pesa inaenda wapi?

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera ya watu wa miguu na baiskeli. Ndani yake iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa njia za miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Asilimia 20! Wakati huo mimi nilikuwa primari. Nimemaliza shule, nimeingia chuo, nimeacha chuo, na njia ya miguu ya mtaa wetu bado ni mtaro usio na kifuniko.

Na sisi wa miguu si wachache. Karibu safari nne kati ya kumi hapa Nairobi ni za miguu. Simama Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi uone vile watu wanashuka kwenda Industrial Area. Hakuna mtu anafanya mazoezi pale. Wanaokoa fea. Miaka hii ya karibuni barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni watu wa miguu. Si madereva, si abiria.

Binamu yangu alivunjwa mguu na boda akiwa juu ya njia ya miguu. Juu yake, si barabarani. Watu wakamuuliza mbona hakuangalia. Boda imetoka nyuma, sasa angeangalia na nini?

Ukilalamika utaambiwa hii barabara ni ya KURA, ile ni ya KeNHA, kaunti haihusiki. Sawa. Lakini kanjo akija kufunga gari mnyororo, sijawahi kuona amechanganyikiwa barabara ni ya nani. Na matatu pia hulipa kaunti kila mwezi. Stegi ziko wapi? Mvua ikinyesha tunajibanza kwa mlango wa duka la mtu mpaka soja atufukuze.

Kwa hivyo pandisheni, mimi nitawatetea hapa hapa. Ila kila shilingi ya pakingi iandikwe imejenga nini: kivuko gani, taa gani, stegi gani. Mkikataa kuandika, basi hiyo si ada, ni kuporwa na risiti.

Mswada wa fedha wa kaunti ukiletwa tena kwa wananchi, nitaenda na swali moja tu, lile la asilimia 20. Nani tunaenda naye? Wenye magari pia mje. Mtapaki mbali, mvuke barabara kwa miguu kama sisi.