NYANGUMI HULALAJE BAHARINI?

Nyangumi si samaki. Ana mapafu kama ng'ombe, na mtoto wake hunyonya. Akikosa hewa hufa maji. Basi, ndugu msomaji, analalaje?

Tumwangalie kwanza pomboo, jamaa yake mdogo. Ubongo wa pomboo hulala nusu nusu, kama walinzi wawili wanaopokezana lindo. Nusu moja ikilala, nyingine hukesha. Hiyo inayokesha humpandisha juu kuvuta hewa. Hata jicho moja hubaki wazi!

Nyangumi mkubwa anayetoa ambari ana namna yake. Hubana pumzi, akalala wima kama nguzo, mara nyingi kichwa kikiwa juu. Usingizi wake ni mfupi, kiasi cha dakika 10 hadi 15, kisha huvuta hewa.

Lakini ni usingizi mzito. Mwaka 2000, katika bahari ya Chile, Amerika ya Kusini, chombo cha wataalamu kilichukuliwa na maji mpaka katikati ya kundi lililolala. Injini ilikuwa imezimwa. Nyangumi hawakushtuka. Chombo kilipomgusa mmoja, ndipo wakazinduka na kukimbia.

Chombo kile kilikwenda polepole. Meli kubwa za mizigo huja kwa kasi, na nyangumi wengi hugongwa wakafa.