Kabla Hujasambaza Picha ya Dada Yule

 

Leo fungua Ruthu sura ya 2. Usipite juu juu, fungua Biblia yako.

Ruthu ni mjane. Ni mgeni, Mmoabi, tena Wamoabi hawakuwa na jina zuri Bethlehemu. Hana mume wa kumtetea, ana mama mkwe mzee nyumbani na sufuria tupu. Anatoka asubuhi kwenda kuokota masazo ya shayiri nyuma ya wavunaji, katika shamba la mtu asiyemjua. Kwa lugha ya leo, huyo ni mwanamke aliyetoka kwenda kutafuta.

Sasa angalia Boazi, mwenye shamba. Mstari wa 9 anasema amewaagiza vijana wake wasimguse. Mstari wa 15 anawaagiza tena, na neno lililotumika katika Kiebrania lina maana ya kumwaibisha mtu, kumfedhehesha. Mara mbili! Jiulize kwa nini mwenye shamba aseme jambo hilo mara mbili siku moja. Ni kwa sababu aliwajua vijana wake. Alijua mwanamke akiwa peke yake kazini, midomo ya wanaume inapata kazi. Hata Naomi alijua: katika mstari wa 22 anamwambia mkwewe heri abaki na wasichana wa Boazi, asije akatendewa vibaya katika shamba lingine.

Mpendwa, lile shamba siku hizi liko mkononi mwako. Linachajiwa kwa umeme.

Unamjua mama anayenunua mikungu ya ndizi huku kwetu. Anazunguka shamba kwa shamba, anapatana bei, anapakia lori jioni, na usiku anashuka na mzigo zaidi ya kilomita 100 hadi Voi, au anaendelea mpaka Kongowea, Mombasa. Hawezi kuacha mzigo uende peke yake, kwa sababu ndizi zikifika bila mwenyewe zinapungua njiani kwa njia za ajabu. Kwa hiyo anaketi pale mbele, karibu na dereva, amejifunga leso na koti. Wewe unampiga picha. Unaandika, "Biashara gani hii ya usiku?" Unaweka vichekesho vitatu vya kulia kwa kicheko, unatuma kwenye kundi. Kufikia saa nne asubuhi mama mkwe wake ameiona, mtoto wake wa darasa la saba ameonyeshwa na wenzake, na mumewe amepigiwa simu na watu watano wanaosema wanamhurumia.

Umeandika sekunde kumi. Yeye ataishi na hayo maneno miaka mingapi?

Tena si yeye peke yake. Muuguzi anayerudi kutoka zamu ya usiku, watu wanauliza hospitali gani inafunga saa kumi na moja alfajiri. Msichana wa kituo cha mafuta pale Voi akipaka midomo rangi, eti anatafuta madereva wa malori. Mwanamke anayechimba vito huko Mwatate, mikono imejaa vumbi, anaambiwa ameacha kazi za kike. Mwalimu akihamishwa mbali na mumewe, komenti zinaanza kuhesabu wanaume wa mji aliohamia. Dada akinunua gari, neno ni moja tu: sponsa. Kaka akinunua gari lile lile, rangi ile ile, anaitwa mbele kutoa ushuhuda na tunapiga vigelegele kwamba Mungu amefungua milango. Mungu yule anayefungua milango ya kaka, kwa dada anashindwa na kufuli gani?

Na hapa niseme jambo ambalo litawauma baadhi yenu, lakini afadhali liume. Siku ya harambee ya mabati hakuna anayeuliza pesa ya dada imetoka wapi. Akisimama akaahidi elfu ishirini tunasema "Amina, mama abarikiwe." Fungu lake la kumi linaingia kwenye kapu pamoja na la mzee wa kanisa. Jumatatu, kwenye kundi la WhatsApp, pesa zile zile zimekuwa za dhambi. Kama ni za dhambi, mabati yale tuyang'oe. Kama ni safi, funga mdomo wako.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, sasa unatetea uovu, tusikemee dhambi?" Kemea. Lakini Bwana wetu mwenyewe ametupa utaratibu, Mathayo 18:15. Ndugu yako akikosa, unamwendea mkiwa wawili tu. Wewe hukumwendea. Hukumpigia. Hata jina lake kamili hulijui, umejua tu koti lake. Ulianza na watu 256 kwenye kundi na ukaita huko ni kukemea. Katika Yohana 8, wale waliomleta mwanamke walikuwa na kosa mkononi kabisa, na bado Yesu hakukubali awe maonyesho ya umma. Tena mwanamume wa kosa lile hatukuonyeshwa. Katika picha mnazosambaza ninyi pia, mwanamume huwa amekatwa pembeni.

Kuna habari ya kuhani Eli inayonitisha mimi mwenye kazi ya madhabahu. 1 Samweli 1. Hana anaomba, midomo inacheza bila sauti. Eli anatazama midomo ile, anahukumu kwamba amelewa, na anamwambia usoni. Alichukua kipande kimoja cha picha akaandika hadithi yote. Wakati huo huo, ukisoma sura ya 2 mstari wa 22, wanawe Eli mwenyewe walikuwa wanalala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Mzee alikuwa na jicho kali kwa mwanamke anayeomba, na jicho zito kwa vijana wa nyumbani mwake. Watumishi wenzangu, wazee wa kanisa, mnaelewa. Tuna maono ya mbali sana kwa sketi ya dada wa kwaya.

Haya hayakuanza na simu. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai akapinga kwa barua. Alikuwa profesa, mwanasayansi, mwanzilishi wa Green Belt Movement. Bungeni walimjibu nini? Hawakujibu habari ya bustani. Walizungumza habari ya talaka yake, na wanawake wa shirika lake wakadharauliwa kuwa kundi la walioachika. Jengo halikujengwa, watu bado wanapumzika pale chini ya miti, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Ukiona mtu anajibu hoja ya mwanamke kwa kutaja ndoa yake, ujue hana jibu la hoja.

Halafu mwaka 2014. Mnakumbuka. Mwezi wa Novemba, wanaume walimzunguka mwanamke katika stendi Nairobi, wakamvua nguo, wakisema amevaa vibaya. Mmoja alirekodi, na nchi nzima ikatazama. Tarehe 17 Novemba wanawake na wanaume wenye dhamiri waliandamana jijini. Mwezi uliofuata Bunge likabadilisha sheria: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la kufungwa jela. Mwaka 2017 mahakama Nairobi iliwahukumu kifo wanaume watatu waliomwibia na kumvua nguo mwanamke ndani ya basi mwaka huo huo wa 2014. Wale walioshika nguo walikuwa wachache. Walioisambaza ile video walikuwa maelfu, na wengi wao Jumapili walikuwa kanisani wameinua mikono.

Kumvua mtu kwa maneno ni kumvua. Mama wa ndizi alikuwa na koti, lakini ukimaliza kuandika, watu wote wanamwona uchi.

Najua wengine mtasema viongozi ni mali ya umma. Sawa. Kaunti yetu imekuwa na manaibu gavana wanawake mfululizo, wakiwemo Majala Mlagui kuanzia 2017 na Christine Kilalo kuanzia 2022. Waulize kuhusu maji. Waulize kuhusu barabara, dawa zahanati, ndovu wanaomaliza mahindi yetu. Uliza kwa nguvu, kodi ni yako. Lakini chini ya habari ya kiongozi yeyote mwanamke utakuta komenti ya kwanza ni ya umbo, ya pili ni ya nani amemwoa. Hakuna mwananchi aliyepata mtungi mmoja wa maji kwa komenti hiyo.

Akina mama wangu wa ushirika, nanyi msijikaze pembeni kama haya ni ya wanaume. Picha nyingi hupigwa na mwanamume, ila tafsiri yake mara nyingi hukamilikia kwenye kundi lenu, chini ya maneno "tumwombee dada yetu". Maombi ya namna hiyo yana majina, tarehe na picha. Mungu haitaji kiambatisho.

Na ninyi viongozi wa makundi ya kanisa, wale mnaoitwa admini: Boazi hakuwa amemtukana Ruthu hata kidogo. Angeweza kusema, "Mimi sijasema neno." Lakini shamba lilikuwa lake, akatoa amri. Picha ikija kwenye kundi lako, ifute, mwondoe aliyeileta, umpigie umwambie kwa nini. Ukinyamaza, shamba ni lako na vijana ni wako.

Endelea mpaka sura ya 3 mstari wa 14. Ruthu ameondoka pale uwanja wa kupuria kabla watu hawajaweza kutambuana, na Boazi anasema isijulikane kwamba mwanamke alifika pale. Hapakuwa na uovu, ila alijua watu wa mjini wangesema nini. Akalinda jina lake. Kisha akampimia shayiri vipimo sita asirudi mikono mitupu. Huyo ndiye mwanamume ninayewafundisha vijana wa kanisa hili wawe: anayejua siri inayoweza kumchafua mwanamke, na inaishia kwake.

Sasa neno kwa wewe dada ambaye tayari umewekwa huko. Usijibu kila komenti, utachoka bure. Usifute simu yako kwa hasira, kwa sababu ndani yake kuna ushahidi. Piga skrinshoti zenye namba, jina na saa, mpe mtu mwingine unayemwamini nakala. Nenda kituo cha polisi uulize dawati la jinsia. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni ina kifungu cha 27 juu ya kumsumbua mtu mtandaoni, faini hadi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10, na kifungu cha 37 kwa anayesambaza picha za faragha, faini hadi laki mbili au miaka 2. Namba 1195 ni ya bure, inapokea simu za wanaodhulumiwa kijinsia. Wakikuambia kituoni "haya ni mambo ya nyumbani, kasuluhisheni", usiondoke, omba waandike kwenye kitabu cha matukio.

Na kama unaogopa kwenda peke yako, niandikie hapa faraghani au mwandikie mama mchungaji. Yeye yuko huru Jumanne na Alhamisi, Jumatano na Jumamosi yuko soko la Taveta na mboga zake kama mnavyojua. Tutakusindikiza. Jumapili uje kanisani, ukae pale unapokaa siku zote.